Beseni la Karanga

Nilimkuta amekaa chini ya mwarobaini, miguu ameinyoosha, mkwewe upande mmoja na bintiye wa darasa la sita upande wa pili. Katikati yao palikuwa na gunia la karanga lililofunguliwa mdomo, na beseni la maji. Alichota karanga kwa viganja viwili, akazitumbukiza majini, akaziacha kidogo, kisha akazitoa na kuzimwaga juu ya kiroba. Maganda yakishalainika, vidole vinaanza kazi. Binti alikuwa mwepesi kuliko wote wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu bibi shamba, vuta kigoda."

Sikuvuta kigoda. Nilibaki nimesimama nalitazama lile beseni, na moyo ukaniuma kwa namna ambayo sijaisahau mpaka leo.

Ilikuwa Juni 2017, upande wa Dodoma, katika kijiji nilichokuwa nakihudumia kama afisa ugani wa kilimo. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya mkutano wa kijiji hicho hicho, nikatumia karibu saa nzima kueleza habari za sumukuvu, ile sumu inayoletwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Jambo mojawapo nililolirudia mpaka sauti ikakauka ni hili: msilowanishe karanga kabla ya kuzibangua. Maji hupenya ganda, punje hunyonya unyevu, na zikihifadhiwa hivyo kuvu huota. Mume wa mama huyu alikaa benchi la mbele. Alisaini mahudhurio. Aliuliza swali zuri kuhusu mahindi yaliyopigwa na ukame yakiwa bado shambani, nikafurahi, nikajua huyu ameelewa.

"Mama, mzee hakukwambia habari ya kulowanisha karanga?"

Akafikiri kidogo, mikono haikusimama. "Aliniambia mmeongea habari za dudu linaloingia kwenye mahindi. Akasema serikali italeta dawa."

Kuvu imegeuka dudu. Kukausha kumegeuka dawa. Na karanga hazikutajwa kabisa.

Nimemwaza sana yule mzee. Hakuwa mkaidi wala mlevi, na hakumficha mkewe kitu. Ila katika maisha yake yote hajawahi kubangua gunia la karanga. Hiyo ni kazi ya wanawake na watoto, hufanywa jioni na usiku, na yeye akipita huona karanga zimekwisha kuwa nyeupe kwenye ungo. Niliposema "msilowanishe karanga", sikio lake lilisikia, lakini maneno hayakupata mahali pa kukaa. Mahindi ya shambani yalikaa, kwa sababu shambani anakujua. Mimi ndiye niliyempa mzigo usio wake aupeleke nyumbani, kisha nikashangaa haujafika.

Anayesoma akiwa mbali na Dodoma huenda haelewi kwa nini nililichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Mwaka mmoja kabla, katikati ya 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara iliingiliwa na ugonjwa ambao mwanzoni hakuna aliyeujua jina. Watu walitapika, matumbo yakavimba, macho yakawa manjano. Wengine walikufa, watoto wakiwemo. Uchunguzi ulipokamilika, kidole kiliangukia chakula cha nyumbani: mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa na wenyewe, yenye sumu inayotokana na kuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na kuipika hakuiondoi. Ugali ukiiva vizuri na mlenda wake pembeni, sumu bado imo. Na ini la mtoto mdogo halina nguvu ya kupambana nayo.

Sasa fuatilia safari ya punje kutoka shambani mpaka kwenye sahani, uone inapita mikononi mwa nani. Kung'oa karanga na kuzikung'uta udongo: mama na watoto. Kuanika: mama. Kuziingiza ndani wingu likijikunja: aliyeko nyumbani, yaani mama. Kupukuchua mahindi, kupepeta, kuchambua mbovu na nzima, kujaza kihenge, kuchota ya kula, kupeleka mashineni, kumkorogea mtoto uji wa karanga: mama, mama, mama. Kila mahali ambapo kuvu inaweza kuzuiwa baada ya mavuno, pana mkono wa mwanamke. Na mimi, mwanamke mwenzao, nilikwenda kuwafundisha wanaume.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la mahudhurio ya ule mkutano. Majina yalijaa kurasa mbili. Wanawake niliwahesabu kwa vidole nikabakiwa na kidole kimoja. Na hao tisa nilikumbuka walivyokuwa wamekaa: nyuma kabisa, chini, juu ya kanga zao, wawili wananyonyesha, mmoja anamkimbiza mtoto aliyekuwa anaelekea barabarani. Mkutano ulianza saa nne asubuhi. Saa nne mwezi wa tano, mwanamke wa kijiji kile ama yuko kisimani ama yuko shambani anamalizia kuvuna. Waliokuwa na nafasi ya kukaa kwenye benchi saa hiyo walikuwa wale niliowakuta kwenye benchi.

Kazi yetu ina jina ambalo limeshasema kila kitu. Bwana shamba. Hata leo, baada ya miaka yote hii, nikiteremka kwenye pikipiki watu hunipita kwa macho wakimtafuta bwana shamba. Neno "bibi shamba" lipo na wengi hulitumia kwa heshima, lakini limekuja nyuma ya jingine. Na lilipokuja, lilikuta tayari pana mgawanyo. Mama yangu mzazi hunisimulia kwamba enzi za ujana wake kijijini, miaka ya 1970, bwana shamba alikuwa wa wanaume na bibi maendeleo alikuwa wa wanawake. Bwana shamba alileta habari za mbegu na mbolea. Bibi maendeleo aliwafundisha kushona, mapishi na usafi wa nyumba. Mama yangu alilima ekari mbili kila mwaka kwa mkono wake, na maofisa wa serikali waliofika kumwelimisha walimfundisha kufuma vitambaa vya meza. Vitambaa anavyo mpaka leo, vizuri sana. Hasemi vibaya habari za bibi maendeleo, alimpenda. Ila mbolea alijifunza kwa kumchungulia jirani.

Nimezaliwa Uluguru, upande wa Matombo, na hilo linanifanya niyaone mambo haya kwa uchungu wa namna yake. Sisi Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mashamba mengi hupitia huko. Lakini hata kwetu, bwana shamba akifika alikuwa anamuulizia mwenye nyumba, na maana yake ilikuwa mwanaume. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wakati wa matuta. Waingereza waliamuru milima ya Uluguru ichongwe ngazi ili udongo usitelemke na maji. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri. Ila kwenye miteremko ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na ukichonga ngazi unaufukia na kuuleta juu ule wa chini usio na kitu. Waliokuwa wanashika majembe waliliona hilo msimu wa kwanza tu. Hakuna aliyewauliza, hasa wanawake. Julai 1955 hasira zikapasuka pale Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Bibi alikuwa akifika hapo kwenye simulizi hunyamaza, kisha husema, "Walikuwa wanaongea na wazee. Wazee hawakulima."

Nikiwa chuoni nilijifunza mifumo ya ugani kwa majina na tarehe, nikafaulu mtihani, lakini ilinichukua mpaka siku ya beseni kuunganisha. Ule mfumo wa mafunzo na ziara, ulioletwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ulisimama juu ya mkulima kiongozi. Afisa hawezi kufika kwa kila mtu, kwa hiyo anamfundisha mmoja, na huyo awafundishe jirani zake. Lakini mkulima kiongozi alichaguliwa vipi? Awe na shamba kubwa kidogo, ajue kusoma, aweze kununua pembejeo, awe na muda wa kumpokea afisa. Ukiviweka vigezo hivyo pamoja, mwanamke anakuwa ameshatoka kabla uchaguzi haujaanza. Na majirani wa mkulima kiongozi mwanaume, wale wanaokaa naye jioni wakaongea, ni wanaume wenzake.

Mambo haya hayakuwa ya Tanzania peke yake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipochunguza mashirika ya ugani duniani mwaka 1988 na 1989, lilikuta ni kama asilimia 5 tu ya rasilimali za ugani zilizokuwa zinaelekezwa kwa wanawake, na maafisa ugani wanawake walikuwa asilimia 15. Wakati huo nchi yetu ilikuwa imekwisha kuridhia, mwaka 1985, mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 14 inamtaja mwanamke wa kijijini waziwazi, na inazitaja huduma za ugani kwa jina kama haki yake. Haki. Mimi niliajiriwa, nikafanya kazi miaka kadhaa, bila mtu kuniambia kwamba yule mama wa beseni ananidai.

Ripoti ya FAO ya 2010-11 ilikadiria kwamba wanawake wangepata pembejeo na huduma sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kati ya asilimia 20 na 30. Mwaka 2015 Benki ya Dunia na UN Women wakapiga hesabu ya pengo hilo kwa Tanzania, wakapata dola milioni 105 kwa mwaka. Nazitaja takwimu hizi kwa sababu mezani kwa wakubwa ndizo zinazosikika. Lakini mimi, kila nikizisoma, namwona mtoto anayekorogewa uji.

Basi nikaanza upya. Sikupewa mradi wala bajeti, nilibadilisha saa na mahali tu.

Nilianzia kwenye mashine ya kusaga. Karibu kila kijiji kina mashine yake, na foleni ya mashineni ni ya wanawake watupu: ndoo zimepangwa kwa zamu, wenyewe wamekaa pembeni, na hawana pa kwenda mpaka zamu ifike. Nilimwomba mwenye mashine ruhusa, nikaja na turubai dogo, ungo, chupa kavu ya soda na chumvi. Ukitaka kujua kama mahindi yamekauka, tia punje kadhaa kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, bado mahindi yana maji. Hiki kipimo nilikuwa nimekieleza kwenye mkutano kwa maneno. Mashineni wakakifanya wenyewe, na mahindi yao waliyoyaleta kusaga. Mama mmoja chumvi yake ilipoganda alipiga kelele kama ameona nyoka, wote wakaja kutazama. Siku hiyo nilifundisha watu wengi kuliko mkutano mzima wa kijiji, na hakuna aliyesaini chochote.

Halafu nikaenda kliniki ya mama na mtoto. Muuguzi wa zahanati alikuwa anawasisitizia wamama uji wa lishe, wenye karanga na mahindi, na alifanya vyema. Lakini karanga zipi? Zile nzuri zimekwenda sokoni, zilizobaki nyumbani ni zilizochambuliwa, zilizosinyaa na zenye madoa, na hizo ndizo zinazosagwa kwa ajili ya mtoto. Hakuna mama anayefanya hivyo kwa ubaya. Ni hesabu ya kawaida ya umaskini: kinachouzika kinauzwa. Muuguzi aliponisikia alishika kichwa. Tangu siku hiyo tukapanga Alhamisi ya kliniki tuwe wawili.

Kuna jambo ambalo wenzangu wanaume hawawezi kulitatua kwa juhudi peke yake, na lazima niliseme kwa haki yao. Nina kaka zangu kazini, waaminifu, wanaojituma. Wakifika nyumbani kwa mkulima wakakuta mwanamke peke yake, hawaingii uani. Wakiingia, jioni kuna maneno. Kwa hiyo husimama barabarani, hubisha hodi, huuliza "mzee yupo?", wakiambiwa hayupo huwasha pikipiki. Mimi naweza kukaa jikoni. Naweza kushika mwiko. Naweza kumuuliza mama anahifadhi wapi mbegu, akaniingiza chumbani akanionyesha uvunguni. Ndiyo maana nasema hesabu ya maafisa wanawake ina uzito wake katika kazi yenyewe. Mwaka 2022 serikali ilipotugawia pikipiki, maafisa ugani wa kilimo nchi nzima tulikuwa kama 6,700, na vijiji vimepita 12,000. Nilishukuru, maana kabla ya hapo nilikuwa natembea au naomba lifti. Lakini afisa mmoja mwenye vijiji viwili, vitatu, atakwenda kwanza kwa nani? Atakwenda kwa anayejulikana, mwenye simu na shamba la kando ya barabara. Pikipiki inakufikisha haraka, lakini njia unaichagua wewe.

Lazima nieleze na pale nilipokosea mara ya pili, kwa sababu nilikosea vibaya.

Nilipoona mashine na kliniki vinanipa watu, niliwaacha wanaume kabisa. Nikasema, nimepata njia. Msimu wa 2018 wanawake wa vitongoji viwili walikuwa wanajua yote: kuanika juu ya turubai badala ya ardhini, kugeuza, kuchambua, kutolowanisha. Nikazunguka baada ya mavuno. Karanga zilikuwa zimeanikwa chini, juu ya vumbi, kama miaka yote. Nikamuuliza mmoja kwa upole, dada, mbona? Akaniambia turubai lilikuwepo, alilinunua kwa fedha za kikundi, mumewe amelichukua kufunikia alizeti kwenye trekta. Mwingine alisema hakuwahi kulipata, kwa sababu fedha ya mavuno haipiti kwake. Na wa tatu, mama mtu mzima niliyemwita shangazi, aliniambia neno zito: "Umenifundisha vizuri, mwanangu. Sasa najua tunachokula, na sina la kufanya. Afadhali nilivyokuwa sijui."

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa kitongoji aliniita. Wanaume walikuwa wamelalamika kwamba nawakusanya wake zao mashineni na kuwafundisha kwa siri. Nilitaka kukasirika, lakini nilipokaa nikatafakari niliona wana hoja. Nilikuwa nimefanya lile lile nililolifanya mwanzo, ila upande wa pili wa kitanda.

Mashariki mwa Uganda watafiti walifanya jaribio zuri kuhusu jambo hili. Waliwaonyesha wakulima wa mahindi video fupi ya kilimo bora, katika nyumba nyingine kwa mume peke yake, nyingine kwa mke peke yake, nyingine kwa wote wawili. Mke alipoonyeshwa peke yake, ujuzi wake uliongezeka na maamuzi yake mwenyewe shambani pia. Walipoonyeshwa wote, maamuzi ya pamoja ndiyo yaliyoongezeka. Kwa shamba ambalo mke analisimamia mwenyewe, nadhani lile la kwanza linatosha. Kwa turubai linalonunuliwa na fedha ya mfuko mmoja, hapana. Nimejifunza kuuliza kila jambo kivyake: hili linaamuliwa na nani, linafanywa na nani, linalipiwa na nani? Wakiwa watu watatu tofauti, ninao wanafunzi watatu.

Tukaanzisha shamba darasa. Mfumo huu ulizaliwa Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga, na kwetu uliingia baadaye. Kikundi cha watu kama 25 kinalima kipande kimoja pamoja, wanakutana kila wiki au wiki mbili, wanakagua mimea, wanabishana, wanaamua. Utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda na kuchapishwa mwaka 2012 uliona kwamba mashamba darasa yaliwafaa zaidi wanawake na watu wasiojua sana kusoma. Sikushangaa. Pale hakuna benchi la mbele. Kila mtu yuko kwenye mche wake, ameinama, anatazama jani. Mwanamke ambaye mkutanoni hafungui mdomo, mwekee jani lenye madoa mkononi, atasema.

Kikundi chetu kilikuwa na wanawake 16 na wanaume 9, na tulikutana saa kumi jioni, baada ya maji na kabla ya kupika. Wanawake ndio waliochagua saa hiyo. Tulitandika mikeka ya watoto kando ya shamba na kila wiki mmoja wetu alibaki nao, hata mimi ilipofika zamu yangu. Wanaume wawili walikataa zamu hiyo mwanzoni. Mwezi wa pili mmoja wao aliikubali, akakaa na watoto tisa chini ya mti akiwachongea magari ya mabua ya mtama.

Na hapo ndipo nilipopata kuuliza lile swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya beseni, badala ya kusimama na uchungu wangu. Tulikuwa tumemaliza kung'oa karanga za shamba darasa. Nikauliza, jamani, tuseme ukweli, kwa nini tunalowanisha?

Wanawake wakatazamana. Yule mama wa mwarobaini, ambaye sasa alikuwa mwanakikundi, akainua mkono wake wa kulia akatuonyesha vidole. Ncha za gumba na kidole cha shahada zilikuwa na mabaka magumu, na kwenye ufa mmoja damu ilikuwa imekauka.

"Kavu zinakata," akasema. "Gunia zima, bibi shamba. Unabangua usiku baada ya kupika, mtoto yuko mgongoni. Mnunuzi anakuja asubuhi. Ukibangua kavu, kesho yake hushiki jembe."

Mumewe alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwake. Alivitazama vile vidole kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa nimekwenda kijijini na katazo. Nilisema "msilowanishe" kana kwamba wanalowanisha kwa kutojua, kumbe maji ndiyo dawa pekee waliyokuwa nayo ya maumivu. Kila anayeandika miongozo ya sumukuvu anaweka sentensi hiyo, nami niliinakili kwenye karatasi kubwa kwa kalamu nyekundu. Hakuna mahali tuliposema vidole vifanyeje. Wanawake kushiriki kwenye ugani nilikuwa nakuelewa kama kuhesabu vichwa: wangapi wamekuja, wangapi wamesaini. Kumbe walikuwa na nusu ya somo mikononi mwao, na hakuna aliyewaomba walitoe.

Kikundi kikaamua mashine. Nimesema kikundi, kwa sababu hapo wanaume waliingia kwa nguvu zote. Mashine ni kitu wanachokielewa. Fundi wa mjini alitengeneza ya mkono, ya kuzungusha na mpini, kwa fedha iliyotoka nusu kwenye VICOBA ya wanawake na nusu kwa mchango wa gunia. Ya kwanza ilipasua karanga vibaya, tukairudisha, akabadilisha wavu wa chini. Inabangua karanga kavu tu. Ukitia zilizolowa inakwama. Punje ndogo hupita bila kupasuka na bado zinarudi kwenye vidole, lakini ni chache. Foleni yake ilikuwa ndefu msimu wa kwanza, na pakawa na ugomvi juu ya nani atangulie, mpaka wakaandika orodha.

Kuna mambo hayajakaa sawa, nami siwezi kuyapamba. Fomu nyingi tunazojaza bado zina kisanduku kimoja cha jina la mkuu wa kaya. Ruzuku ya mbolea ilipoanza kwenda kwa usajili wa simu, msimu wa 2022/23, ujumbe wenye namba ulikuwa unaingia kwenye simu iliyoandikishwa, na katika nyumba nyingi simu hiyo iko mfukoni mwa baba, naye ameenda mnadani. Nimeanza kuandika majina mawili kwenye daftari langu, mume na mke, kila mmoja na namba yake ya simu kama anayo. Daftari langu si fomu ya serikali, lakini ndilo ninalolitumia kuamua kesho niende wapi.

Na lipo lile la karanga zilizochambuliwa. Mwaka jana, baada ya mavuno, yule mama alinionyesha debe zima: zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizotobolewa. Amezitenga vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha.

"Sasa hizi?"

"Zifukie, mama. Hata kuku usiwape."

"Debe zima."

"Debe zima."

Alilitazama debe, akanitazama mimi. "Sawa mwanangu, nitafukia. Lakini Februari uje uone tunakula nini."

Februari ni mwezi mgumu Dodoma. Kihenge kimekwisha, mazao mapya yako kijani shambani. Debe la karanga mbovu mwezi wa saba ni uchafu. Februari ni mboga ya wiki tatu. Niliandika kwenye daftari: Februari, kwake kwanza.

Nilikwenda. Nilimkuta jikoni anasonga ugali wa uwele, mlenda uko tayari, na kweli karanga hazikuwemo. Hakunilaumu. Alininawisha mikono, tukala, naye mumewe akala pamoja nasi. Tulipomaliza aliniambia nisiondoke kwanza, wenzake wamesikia nimekuja na wana jambo wanataka kuniuliza kuhusu mbegu. Nje nilisikia mikeka inatandikwa chini ya mwarobaini.